Kona kwa kona: kipimo ambacho fundi haachi na darasani tunakiruka

Pita Jumamosi asubuhi kwenye vitongoji vinavyojengwa sasa hivi, iwe Chanika, Kibaha, Usa River au Nzuguni, hutakosa kukuta watu watatu wanne wameinama kwenye kiwanja kilichofyekwa juzi. Mmoja ameshika ncha ya futikamba. Mwingine amechuchumaa penye kigingi cha kona. Wa tatu anavuta kamba ya nailoni hadi ilie ukiigusa. Mwenye kiwanja amesimama pembeni na simu, anahesabu mifuko ya saruji na kuomba Mungu mvua isubiri. Wanaseti msingi.

Fundi anaanzia kona moja. Kutoka kwenye kigingi anapima mita 3 juu ya kamba ya upande wa mbele, anafunga kipande cha uzi mwekundu kama alama. Anarudi kigingini, anapima mita 4 juu ya kamba ya ubavuni, anafunga alama nyingine. Halafu anapima kutoka alama hadi alama. Futikamba ikisoma mita 5 kamili, kona ni nyuzi 90 na kazi inaendelea. Ikisoma 5.10, kona imefunguka, na msaidizi anaambiwa asogeze kamba ya ubavuni ndani kidogo, tena kidogo, hapo hapo, funga.

Tatu, nne, tano. Muulize kwa nini iwe tano na si tano na nusu, atakwambia ndivyo alivyofundishwa na fundi aliyemlea. Jibu hilo lina heshima yake. Wengi wetu tuliikariri kanuni ya Pythagoras tukiwa kidato cha pili, tukapata alama zetu, na hatujawahi kuigusa kamba. Maelezo yenyewe ni mafupi. Chora pembetatu yenye kona ya nyuzi 90, kisha juu ya kila upande chora mraba. Mraba wa upande wa 3 una vyumba vidogo 9, wa upande wa 4 una vyumba 16, na ule wa upande mrefu una vyumba 25. Tisa na kumi na sita ni ishirini na tano. Kona ikifunguka, upande mrefu unarefuka na hesabu inakataa. Ikijibana, unafupika na hesabu inakataa tena. Inakubali kwenye nyuzi 90 tu.

Mwanafunzi aliyeambiwa hivyo bado anaweza kuuliza: sentimita 10 zina ubaya gani? Swali zuri, na lina jibu la tarakimu. Kamba ikisoma 5.10 badala ya 5, kona imefika nyuzi 92 na ushee. Kwa macho huoni kitu. Lakini fuata ukuta huo kwa urefu wa mita 12, na mwisho wake utakuwa umekwenda nje kwa nusu mita. Nusu mita ni upana wa kabati la jikoni. Ndiyo maana fundi mzoefu, akiwa na nafasi, haishii kwenye 3, 4 na 5 bali anapima 6, 8 na 10. Uwiano ni ule ule, ila kosa lile lile la sentimita sasa linapotosha kona kwa nusu tu ya lilivyopotosha mwanzo. Hapo pana somo zima la uwiano, na pana somo la pili kuhusu makosa ya upimaji ambalo vitabu vyetu vya shule huligusa kwa juu juu.

Ujuzi huu ni wa zamani kuliko jina unalobeba. Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kimetunza kibao cha udongo kutoka Babeli ya kale, kinachojulikana kwa namba ya mkusanyo wake, Plimpton 322. Kiliandikwa karibu mwaka 1800 KK, zaidi ya miaka 1,000 kabla Pythagoras hajazaliwa. Kina mistari 15 ya namba, na kila mstari unataja upande mfupi na upande mrefu wa pembetatu ya aina hii. Mstari mmoja una 45 na 75. Tafuta upande unaokosekana, utapata 60. Gawanya zote kwa 15, utamkuta fundi wetu wa Chanika: 3, 4, 5. Mstari wa kwanza una 119 na 169, na upande wa tatu ni 120. Hizo huwezi kuzibahatisha. Aliyeziandika alikuwa na njia.

Kipimo cha pili

Baada ya kona zote nne kusimama, fundi anafanya jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Haamini. Amepima pande nne, amepima kona kwa tatu-nne-tano, vigingi vimezama, na bado anamwita msaidizi: “Shika kule, tupige kona kwa kona.” Anavuta futikamba kutoka kona ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, anasoma. Anahamia kona mbili zilizobaki, anasoma. Vipimo viwili vikilingana, anaruhusu wachimbaji waanze.

Chukua nyumba ya mita 9 kwa 12. Mshazari wake lazima uwe mita 15, kwa kuwa 81 na 144 ni 225, na kipeuo cha pili cha 225 ni 15. Sasa fikiria pande zote nne zimepimwa sawasawa, 9 na 12, 9 na 12, lakini mshazari mmoja unasoma 15.30 na mwingine 14.69. Hakuna upande uliokosewa hata sentimita moja, ila nyumba imelala. Umejenga msambamba badala ya mstatili. Utakuja kuujua ukweli siku ya kuweka vigae: vinaanza vizima kwenye ukuta huu, na kwenye ukuta wa pili fundi anakata kabari. Na siku ya kupaua, bati la mwisho litagoma kukaa sambamba na ukuta.

Kwa nini mishazari inayolingana itoshe kuthibitisha? Kata umbo lenye pande zinazoelekeana zilizo sawa katika pembetatu mbili kwa kutumia mshazari mmoja, kisha zikate upya kwa mshazari mwingine. Mishazari ikilingana, pembetatu mbili zilizo kwenye kona jirani zina pande tatu zinazofanana, kwa hiyo kona hizo mbili zinafanana pia. Na kwa kuwa kona jirani za msambamba zina jumla ya nyuzi 180, kila moja inabaki na 90. Mtoto wa darasa la saba anaweza kuufuata uthibitisho huu kwa njiti mbili ndefu, njiti mbili fupi na mipira ya kufungia kwenye pembe. Aliminye umbo lile, aone mshazari mmoja ukirefuka na mwingine ukifupika.

Mtaalamu aliyelichukulia jambo hili kwa uzito unaostahili alikuwa jirani yetu wa kusini. Paulus Gerdes, mwanahisabati mzaliwa wa Uholanzi aliyeishi na kufundisha Msumbiji hadi alipofariki mwaka 2014, alitumia miaka mingi kusoma jiometri iliyomo kwenye vikapu, mikeka na nyumba za wanavijiji. Aliandika jinsi wajenzi wa nyumba za mstatili wanavyopata msingi bila futikamba wala rula. Wanachukua kamba mbili zenye urefu sawa na kuzifunga pamoja katikati. Wanalaza mwanzi wenye urefu wa upana wa nyumba, kwenye ncha zake wanakita vigingi, na kila kigingi kinafungiwa ncha ya kamba mojawapo. Halafu wanazivuta kamba hadi zikaze, na pale ncha mbili nyingine zinapofika wanakita vigingi viwili vya mwisho. Tayari. Mishazari miwili iliyo sawa na inayokatana katikati haiwezi kutoa umbo lingine zaidi ya mstatili. Gerdes alisisitiza kwamba hii ni hisabati, tena iliyofikiriwa na watu, haikuangukia mikononi mwao kwa bahati. Nakubaliana naye, na naongeza kwamba kuna kitu kimoja ambacho wajenzi hao wanacho na mtoto wetu aliyefaulu hana: wanajua jinsi ya kujua kama wamekosea.

Darasani mambo huenda hivi. Swali liko ubaoni. Mwanafunzi anaandika kanuni, anaingiza namba, anapata jibu, anapiga mstari chini yake na kulinyanyua daftari juu ili mwalimu aone amemaliza. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi una maswali mengi ya kuchagua herufi, na muda ni wa kukimbizana. Nani atapoteza dakika kupima kona kwa kona? Simlaumu mwalimu mwenye darasa lililofurika hadi dirishani na madaftari ya kusahihisha hadi saa nne usiku. Lakini tukubali tunachozalisha: kijana anayejua jibu ni kitu unachopewa na mwenye kalamu nyekundu.

Tazama kosa lililozeeka kuliko yote, la kujumlisha sehemu. Nusu jumlisha theluthi. Mtoto anajumlisha kiasi na kiasi, asili na asili, anapata mbili ya tano. Mwalimu anapiga mkasi na kumkumbusha KDS: asili ya 2 na ya 3 zinakutana kwenye 6, hivyo ni tatu ya sita na mbili ya sita, jumla tano ya sita. Sawa. Ila kipimo cha pili kingemwokoa mtoto huyo kabla hata ya kumfikia mwalimu. Mbili ya tano ni pungufu ya nusu. Alikuwa na nusu chapati, akaongezewa kipande, akabaki na pungufu ya nusu? Hakuna mtoto atakayekubali hilo mezani kwao. Daftarini analikubali kwa sababu hakuna aliyemzoesha kuuliza.

Ekari ya nani?

Kwenye kupima ardhi ndipo hesabu za darasa la sita zinapomtoa mtu fedha mfukoni.

Uliza kijijini ekari moja ni kiasi gani, utaambiwa hatua 70 kwa 70. Jibu hilo limezunguka nchi nzima, na lina ukweli wa kushangaza ndani yake. Ekari ni kipimo cha Waingereza: yadi za mraba 4,840. Yadi ni kama sentimita 91, hatua ndefu ya mtu mzima anayepiga hatua kwa makusudi. Yadi 70 kwa yadi 70 ni 4,900, yaani umezidisha yadi za mraba 60 tu. Aliyebuni kanuni hiyo alijua anachofanya. Ni kanuni nyepesi kukumbuka, haihitaji chombo, na kosa lake halifiki hata asilimia moja na nusu.

Taabu inaanza pale kanuni inapobaki na kipimo kinabadilika. Wa kwanza kupotea ni anayesikia sabini kwa sabini na kuchukua futikamba ya mita. Mita 70 kwa 70 ni mita za mraba 4,900, wakati ekari ni mita za mraba 4,047 hivi. Muuzaji huyu ametoa zaidi ya sehemu ya tano bure. Ekari ya mraba kwa mita ni kama 63.6 kila upande, namba mbaya kukariri lakini yenye faida kubwa.

Wa pili ni mnunuzi anayepimiwa kwa hatua za mtu mwingine. Hatua ya kawaida ya kutembea, isiyovutwa, ni sentimita 75 hivi. Zidisha kwa 70, unapata mita 52.5. Zidisha yenyewe kwa yenyewe, unapata mita za mraba 2,756. Karibu theluthi ya ekari haipo. Kama bei ni shilingi milioni 3 kwa ekari, shilingi 950,000 na zaidi zimekwenda na unyayo wa mpimaji, na hakuna aliyesema uongo: hatua zilikuwa 70, zilihesabiwa kwa sauti, mashahidi walikuwepo, mwenyekiti wa kijiji akagonga muhuri.

Nataka tukae hapa kidogo, kwa sababu watu wazima wengi, na wamo wenye shahada, wanadhani upungufu wa sehemu ya kumi kwenye urefu ni upungufu wa sehemu ya kumi kwenye shamba. Sivyo. Punguza kila upande wa mraba kwa asilimia 10: tisa ya kumi mara tisa ya kumi ni themanini na moja ya mia. Umepoteza asilimia 19, karibu sehemu ya tano. Eneo linakula kosa mara mbili, mara moja kwa urefu na mara ya pili kwa upana. Ukitaka mtoto alione, mpe karatasi ya miraba ya kumi kwa kumi, akate mstari mmoja wa juu na mmoja wa pembeni, ahesabu miraba iliyobaki.

Wa tatu ni anayechanganya ekari na hekta, kosa linalosaidiwa na mazoea yetu ya kuiita ekari “heka”. Hekta ni mita za mraba 10,000, karibu ekari mbili na nusu. Kwenye karatasi ya mkataba, herufi moja inabeba shamba na nusu.

Wasomaji wetu wa Kenya wasicheke. Kwao kiwanja cha futi 50 kwa 100 kinatangazwa kila kona kuwa ni sehemu ya nane ya ekari. Ekari ina futi za mraba 43,560. Gawanya kwa 8, unapata 5,445. Hamsini mara mia ni 5,000. Futi za mraba 445 zimebaki kwenye tangazo. Si wizi, ni mazoea, na kila mtu sokoni anayajua. Kila mtu isipokuwa yule anayenunua kwa mara ya kwanza.

Halafu kuna mzingo na eneo, mapacha ambao wanafunzi huwachanganya hadi chuo. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 kina mzingo wa mita 80. Cha 10 kwa 30 kina mzingo wa mita 80 vilevile. Nguzo za uzio ni idadi ile ile, waya ni urefu ule ule, na dalali anaweza kukutembeza pembezoni mwa vyote viwili ukachoka sawasawa. Lakini cha kwanza kina mita za mraba 400, cha pili 300. Endelea kukibana: 5 kwa 35, mzingo 80, eneo 175. Kwa mzingo uliopangwa, mstatili wenye eneo kubwa kuliko yote ni mraba. Mwanafunzi akiambiwa hivyo ataandika na kusahau. Akipewa kamba iliyofungwa duara na wenzake wanne wa kuivuta kwenye kona, wakahesabu vigae vya sakafu vilivyomo ndani, atabishana nawe wiki nzima, na ndicho tunachotaka.

MAGAZIJUTO na ile TO ya mwisho

Kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania anaijua MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Ni kifupisho kitamu, kinaimbika, na kimewavusha watoto wengi. Kina tatizo moja.

Kokotoa 10 − 3 + 2. Anayefuata kifupisho neno kwa neno anajumlisha kwanza, 3 na 2 ni 5, kisha anatoa, anapata 5. Jibu sahihi ni 9. Kipimo cha pili kipo mfukoni mwake: alikuwa na shilingi elfu 10, akanunua sukari ya elfu 3, mjomba akampa elfu 2. Ana ngapi? Hakuna mtoto atakayesema elfu 5.

Kanuni halisi ni kwamba kujumlisha na kutoa ni ndugu wa ngazi moja, unawafuata kwa mpangilio kutoka kushoto kwenda kulia. Kugawanya na kuzidisha vilevile. Cha kuvutia ni kuwa kwa upande wa GA na ZI kifupisho hakileti madhara. Katika 24 ÷ 4 × 2, anayegawanya kwanza anapata 12, na ndilo jibu. Kugawanya kukitangulia, hesabu inasalimika. Kwa mantiki hiyo hiyo, kutoa kungetangulia kujumlisha, na tungekuwa na MAGAZITOJU, ambayo ni salama zaidi lakini haikai mdomoni. Sipendekezi tuibadilishe. Napendekeza mwalimu anayeifundisha asiondoke ubaoni kabla ya kuandika 10 − 3 + 2 na kuliacha darasa ligombane.

Kukadiria kabla ya kukokotoa ni kipimo cha pili kingine, na ndicho wauza duka wanachokitumia siku nzima bila kukipa jina. 48 mara 25 ni ngapi? Ni karibu 50 mara 25, kwa hiyo jibu liko chini kidogo ya 1,250. Mtoto aliyepata 12,000 kwa kuchanganya sifuri anajua papo hapo pa kurudi. Jibu ni 1,200. Hakuhitaji kikokotoo. Na anayekitumia kikokotoo anakihitaji kipimo hiki zaidi, kwa kuwa mashine haijui kama umebonyeza sifuri mara mbili.

Watu wataniambia kwamba tatizo kubwa la hisabati yetu ni lugha. Kwa shule za serikali, mtoto anasoma mzingo, kipenyo na mche duara kwa Kiswahili miaka yote ya msingi, kisha anaingia kidato cha kwanza na kukuta kila kitu kimebadilishwa majina kwenda Kiingereza. Ni kweli, na gharama yake ni kubwa. Ila nimeona tofauti kati ya watoto wawili wanaovuka mto huo. Aliyekariri kanuni kama maneno anapoteza kila kitu, kwa kuwa maneno ndiyo yote aliyokuwa nayo. Aliyewahi kuvuta kamba na kuona mshazari ukirefuka anapoteza msamiati tu, na msamiati unajifunzika kwa muhula mmoja.

Kilele cha sado

Kuna hesabu moja ya ujazo ambayo ningependa kila mtoto wa darasa la saba atoke nayo shuleni, kwa sababu ataitumia sokoni maisha yake yote. Dagaa, maharage na nyanya huuzwa kwa sado, ile ndoo ndogo ya plastiki ya lita 4 hivi. Muuzaji mkarimu anajaza hadi kilele. Muuzaji wa aina nyingine anafuta kwa kiganja. Kilele kina thamani gani?

Kilele ni pia, na ujazo wa pia ni theluthi ya mche duara wenye mdomo na kimo kile kile. Basi huhitaji pai, huhitaji nusu kipenyo, huhitaji karatasi. Kilele cha sentimita 6 ni sawa na sentimita 2 za ndoo iliyofutwa. Kama sado ina kina cha sentimita 16, umeongezewa sehemu ya nane. Sado nane zenye kilele ni tisa. Bei ikiwa shilingi 8,000 kwa iliyofutwa, yenye kilele ni haki iuzwe 9,000, na ukiipata kwa 8,500 mshukuru muuzaji.

Hiyo theluthi mwalimu asiitangaze. Kunja karatasi ya manila iwe pia, mdomo wake uwe sawa na wa kopo na kimo chake kiwe sawa na cha kopo. Jaza mchanga kwenye pia, mimina kwenye kopo. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kopo limejaa na mchanga umelingana na ukingo. Watoto wa mbele watasema umechezea. Wape wenyewe.

Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita mdomo wake, ni suala la aina hiyo hiyo kwa kipimo cha wakulima wa viazi na vitunguu. Serikali imeikemea na kuipiga marufuku mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na gunia bado linavishwa kofia. Kofia ile ina umbo la mviringo zaidi kuliko pia, na umbo la nusu tufe linabeba theluthi mbili ya mche duara wenye kimo chake, mara mbili ya pia. Mkulima anayelipwa kwa gunia anaitoa kofia hiyo bila malipo kila msimu. Angekuwa na mizani, mjadala ungeisha, na ndiyo maana mizani haionekani shambani.

Kwa mwalimu anayesoma haya na ana Jumatatu ya kujaza, kuna kazi moja ya kona kwa kona isiyohitaji bajeti. Uwanja wa netiboli una urefu wa mita 30.5 na upana wa mita 15.25. Shule nyingi huuchora kwa majivu au chokaa kila muhula, kwa macho na kwa kelele. Wape wanafunzi kamba ndefu, vigingi vinne na futikamba ya kuazima kwa fundi wa jirani. Waanze kwa kukokotoa mshazari kabla hawajatoka darasani: 30.5 mara yenyewe ni 930.25, 15.25 mara yenyewe ni 232.56, jumla 1,162.81, kipeuo chake cha pili ni 34.1. Kisha watoke nje wapime mishazari yote miwili ya uwanja walionao. Mmoja ukisoma 34.6 na mwingine 33.6, uwanja umelala. Wang’oe vigingi viwili vya upande wa goli moja, wavisogeze pamoja kuelekea kona ya mshazari mfupi, wapime tena.